Lubumbashi hadi Guangzhou: kilomita ngapi, na safari inachukua saa ngapi kweli?

MwanaKatuba (mwenye uzi)

Wandugu wa Lubumbashi, Likasi, Kolwezi na mlio mbali, salamu.

Maonyesho ya biashara ya Canton yakikaribia, simu yangu hailali. Yanafanyika Guangzhou mara mbili kwa mwaka, majira ya Aprili na ya Oktoba, na yalianza mwaka 1957, kwa hiyo wengi wenu mmerithi njia hii kwa mama zenu na shangazi zenu. Kazi yangu ni kuwatafutia watu tiketi. Swali la kwanza huwa lile lile: “Papa, ni kilomita ngapi, na ndeke inachukua saa ngapi?” Naona watu wanamwaga dola kwa njia mbaya kwa kuwa hakuna aliyekaa nao akawaeleza. Leo nakaa nanyi.

Tuanze na umbali. Kutoka uwanja wetu wa Luano mpaka uwanja wa Baiyun wa Guangzhou, kwa mstari ulionyooka angani, ni kama kilomita 10,100. Mzunguko wa dunia nzima ni kama kilomita 40,000. Maana yake mama anayetoka soko la Kenya, hapa hapa Lubumbashi, kwenda kufuata viatu anakata robo ya dunia. Ukiuchora mstari huo kwenye tufe la dunia, unapita kaskazini mwa Zambia, unakaribia Iringa, unaiacha Afrika pale karibu na Zanzibar, unavuka Bahari ya Hindi mpaka India ya kusini, halafu Ghuba ya Bengal, Laos, na umefika.

Hakuna ndege ya abiria inayoupita mstari huo bila kusimama. Lazima ushuke mahali, na hapo ndipo akili inatakiwa. Zile kurasa za mtandaoni za kupima umbali zinakupa kilomita za mstari tu, hazikuambii kituo chako kiko upande gani wa safari. Mimi nimezipima njia zote wanazoniuliza watu.

Ukipitia Nairobi, jumla ni kama kilomita 10,200. Nairobi iko kaskazini ya mstari wenyewe, lakini unazidisha kilomita 100 hivi tu, karibu hupotezi kitu. Ukipitia Addis Ababa ni kama 2,600 mpaka Addis, kisha 8,000 na kidogo mpaka Guangzhou, jumla 10,650. Umezidisha kilomita 550, ambazo kwa ndege kubwa hazifiki hata dakika 40. Wanaotaka kusimama Dubai wapitie mtaa wa Deira kuangalia bidhaa, yaani Lubumbashi, Addis, Dubai, Guangzhou, jumla yao ni kama 10,950. Mtu anadhani Dubai ni kuzunguka sana, kumbe ni kilomita 300 tu zaidi ya Addis peke yake.

Sasa sikilizeni hii. Ukianzia Kinshasa, yaani Lubumbashi, Kinshasa, Addis, Guangzhou, inafika 12,600. Umeruka kilomita 1,550 kwenda magharibi wakati China iko mashariki, halafu ndege inakurudisha tena juu ya Kongo ile ile. Ukipitia Brussels ni 16,500 hivi, na hiyo ni kwa mistari iliyonyooka. Tangu 2022 mashirika ya Ulaya hayapiti anga ya Urusi, kwa hiyo kutoka Ulaya kwenda China wanazunguka zaidi ya hapo.

Kwa hiyo neno langu ni moja: kabla hujauliza bei, uliza kituo kiko upande gani. Nikiona tiketi inayokupeleka magharibi kwanza ili uende mashariki, naomba uiweke chini, hata ikiwa rahisi kwa dola 100. Zile dola utazila njiani kwa maji, chakula na usingizi wa kwenye viti.

Kuhusu muda, kuna hesabu nyepesi ninayoitumia: gawa kilomita kwa 850, ongeza nusu saa ya kupanda na kushuka. Addis kutoka kwetu inatoka kama saa 3 na dakika 40. Addis mpaka Guangzhou ni kama saa 10. Kinachobaki ni kungoja, na kungoja ndiko kunakotofautisha tiketi mbili zenye kilomita sawa. Ulizeni, nipo.

Mama_Njanja

Aksanti sana Papa. Miye minauzishaka mabatiki na viatu, na safari hii minataka kwenda mwenyewe, sitaki tena kutumia watu. Lakini karatasi walinipa inanichanganya. Kwenda imeandikwa natoka Lubumbashi 14:00 Siku ya Pili, nafika kule 15:10 Siku ya Tatu. Nikihesabu ni saa 25. Kurudi natoka 00:30, nafika hapa 12:40, njo saa 12 tu! Inawezekana je kwenda saa 25 na kurudi saa 12, na njia ni moja? Kuna mtu ananidanganya?

MwanaKatuba

Mama, hakuna anayekudanganya, na umefanya vizuri kuhesabu. Kila saa iliyoandikwa kwenye tiketi ni saa ya mahali pale pale. Lubumbashi tuko mbele ya saa ya Greenwich kwa saa 2, Addis kwa 3, Guangzhou kwa 8. Kati yetu na Guangzhou kuna saa 6. China haibadilishi saa kwa msimu kama Ulaya, kwa hiyo hizo 6 zinabaki mwaka mzima.

Chukua ile 15:10 ya Guangzhou, utoe 6. Unapata 09:10 asubuhi kwa saa ya hapa nyumbani. Kutoka 14:00 ya Siku ya Pili mpaka 09:10 ya Siku ya Tatu ni saa 19 na dakika 10. Ndani yake kuna saa 3 na dakika 40 mpaka Addis, saa 5 na nusu za kungoja pale, na saa 10 za angani.

Kurudi fanya hivyo hivyo. 00:30 ya Guangzhou, hapa kwetu ni 18:30 ya jana yake. Kutoka hapo mpaka 12:40 ni saa 18 na dakika 10. Umeona zinakaribiana? Angani unakaa zaidi wakati wa kurudi, ila kungoja Addis kumepungua.

Hata ndani ya nchi yetu jambo hili lipo. Kinshasa iko nyuma yetu kwa saa 1. Ukitoka Luano 10:00 kwa safari ya saa 2 na dakika 20 unafika uwanja wa Ndjili kule Kinshasa 11:20, watu wanasema ndege ilikimbia. Ukirudi umetoka 10:00 unafika 13:20, wanasema rubani amechelewa. Rubani ni yule yule na mwendo ni ule ule.

Na zaidi ya saa 19 weka za ardhini, Mama. Saa 3 kabla ya ndege uwe Luano. Ukifika Baiyun kuna foleni ya uhamiaji na mizigo, halafu uwanja uko kama kilomita 30 kutoka katikati ya mji. Kama unalala Xiaobei, kule wanakokaa Waafrika wengi, jihesabie kwamba kutoka mlango wa nyumba yako mpaka mlango wa hoteli ni siku nzima, saa 24. Usipange kuonana na mwenye kiwanda jioni ya siku unayofika. Mwili wako utakuwa bado uko Lubumbashi.

Kijana_Ruashi

Bakubwa, samahani, swali la mtoto wa shule. Dunia inazunguka kwenda mashariki. Kwa nini ndege isipande juu, isimame tu, ingoje Guangzhou ije chini yake? Na yaya MwanaKatuba amesema kurudi unakaa angani zaidi. Nilidhani kurudi ndiyo ingekuwa haraka, maana unakwenda kinyume na mzunguko, mji unakuja kukupokea.

Mwalimu_Likasi

Kijana, hilo ni swali la mtu anayefikiri, usiombe samahani.

Hewa haikai imesimama huku dunia ikipita chini yake. Inazunguka pamoja na ardhi, na ndege iko ndani ya hewa. Ukiwa kwenye treni ya kwenda Kolwezi ukarusha chungwa juu, linarudi mkononi mwako, halibaki nyuma kwenye behewa la watu wengine. Ndege inayopanda juu ya Luano inapanda ikiwa tayari na mwendo ule ule wa ardhi ya Luano. Ikisimama hewani kama helikopta, itakuwa juu ya Luano tu mpaka mafuta yaishe.

Mzunguko wa dunia unaingia kwa mlango mwingine, kupitia upepo. Hewa yenye joto inapanda kwenye maeneo ya ikweta, inasafiri juu kuelekea kaskazini na kusini. Kadiri inavyoenda mbali na ikweta, mzunguko wa dunia unaigeuza ielekee mashariki. Kwenye kilomita 10 hadi 12 kutoka ardhini, ambako ndege kubwa zinaruka, kunatokea mto wa upepo unaokimbia kutoka magharibi kwenda mashariki. Miezi ya Desemba mpaka Februari mto huo unashuka mpaka juu ya India ya kaskazini na China ya kusini, na unaweza kuzidi kilomita 150 kwa saa.

Sasa piga hesabu. Ndege yenyewe inakwenda kilomita 900 kwa saa ndani ya hewa. Upepo wa 100 ukiisukuma kutoka nyuma, juu ya ardhi inakwenda 1,000. Upepo ule ule ukiipiga usoni, inakwenda 800. Upepo hauwi mkali njia nzima, kwa hiyo tofauti kati ya kwenda na kurudi kwa njia ya Addis ni kama saa 1 tu, na katikati ya mwaka inapungua. Ukipata kiti chenye skrini, fungua ile ramani ya safari. Inaonyesha mwendo juu ya ardhi, na mara nyingi upepo pia. Utaziona namba hizi kwa macho yako.

Kijana_Ruashi

Aksanti Mwalimu. Nimeelewa kabisa. Hilo la chungwa nitalipeleka darasani.

MtuWaGoma

Salamu kutoka Goma. Ninyi wa Lubumbashi mna bahati ya kuwa na Luano. Sisi kwa mstari ulionyooka tuko karibu zaidi, Goma mpaka Guangzhou ni kama 9,500, kilomita 600 pungufu yenu. Lakini tangu uwanja wetu ufungwe Januari 2025 tunashika barabara kwenda Kigali, kilomita kama 160, na milima ile hailingani na lami tambarare. Ukijumlisha mpaka, barabara, na kuwahi uwanjani, saa zimetuzidi ingawa kilomita ni chache. Hata kabla ya hapo shida ilikuwepo: lava ya Nyiragongo ya 2002 ilifunika kipande cha njia ya kurukia, ndege kubwa zikashindwa kutua kwa miaka mingi.

Nasema hivi kwa sababu mwenye uzi amegusa jambo la kweli. Mtu anayeangalia ramani atasema wa Goma yuko karibu na China kuliko wa Lubumbashi. Aje afunge safari ndipo atajua.

MwanaKatuba

Pole sana ndugu. Mungu awafungulie njia.

PapaKasumba

Mwenye uzi, nina neno. Mimi nashauri watu waende Ndola. Kutoka hapa ni kilomita 200 na zaidi, tiketi za Zambia mara nyingi ni nafuu, na ndege zinakwenda Addis vile vile. Mbona hujaitaja?

MwanaKatuba

Papa, sikuitaja kwa makusudi, ila kwa kuwa umeileta niseme ninavyoona. Kilomita 200 na zaidi ni kweli, na kwenye karatasi ni saa 3 za gari. Katikati kuna Kasumbalesa, mpaka wetu na Zambia. Unapajua kuliko mimi. Kuna siku unapita kwa muda mfupi, na kuna siku malori ya shaba yamejipanga mpaka huoni mwisho na gari dogo linakwama humo humo. Ndege haikungoji. Ili uwe salama inabidi ulale Ndola usiku mmoja, na ukirudi vilevile ukifika jioni, kwa sababu hutavuka mpaka usiku na valizi za bidhaa. Weka hoteli mbili, gari mara mbili, na yale ya mpakani. Kama nafuu ya tiketi bado inazidi hayo yote, nenda. Kwa mtu mmoja na begi dogo inaweza kulipa. Kwa mama mwenye valizi mbili za kilo 23 kila moja, mimi simshauri.

PapaKasumba

Nimekusikia. La valizi umesema kweli, siwezi kubisha.

Dada_Kamalondo

Naomba niongeze kitu kuhusu ile 00:30 ya Mama Njanja, kwa sababu kilimtokea jirani yetu na alilia. Tiketi yake ya kurudi iliandikwa tarehe 15, saa 00:30. Yeye akakaa hotelini tarehe 14 usiku, akalala vizuri, tarehe 15 jioni akaenda uwanjani na mizigo yake yote. Ndege ilikuwa imeondoka usiku uliopita. 00:30 ya tarehe 15 ni nusu saa baada ya tarehe 14 kuisha! Unatakiwa uwe uwanjani tarehe 14 saa 21:00. Waliomuuzia hawakumwambia, na tiketi mpya ilikula faida ya bidhaa zote.

Mama Njanja, chukua kalamu nyekundu uandike juu ya hiyo karatasi tarehe ya kutoka hotelini. Usiiamini kumbukumbu baada ya siku nyingi za kutembea sokoni.

Mama_Njanja

Yesu wangu! Miye ningefanya vile vile. Nimeandika sasa hivi.

Mukomeno_78

Swali la upande. Mimi siendi China, nakwenda Brussels kumwona dada. Addis ni njia nzuri kwangu pia?

MwanaKatuba

Kwako ndugu hesabu inageuka. Brussels iko kaskazini yetu, kama kilomita 7,300 kwa mstari. Ukipitia Addis ni 8,200 hivi. Ukipitia Kinshasa ni 7,800. Kinshasa ile ile niliyoikataa kwa China, kwako ndiyo iko upande wa safari. Halafu una faida nyingine: wakati wa joto kule saa yao ni sawa na yetu, na wakati wa baridi wako nyuma kwa saa 1 tu. Utafika umechoka kwa kukaa, lakini usingizi wako hautavurugika kama wa anayekwenda Guangzhou. Angalia tu muda wa kungoja Ndjili usiwe mrefu kupita kiasi, na kipande cha Lubumbashi–Kinshasa kiwe kwenye tiketi moja na cha Ulaya.

Hilo la tiketi moja ni la kila mtu. Tiketi ikiwa moja, ndege ya kwanza ikichelewa, ni juu ya shirika kukutafutia nyingine. Ukinunua vipande viwili mahali pawili, ya pili ikikuacha ni hasara yako peke yako, na mizigo unaichukua na kuiandikisha upya mwenyewe katikati ya njia. Wengine wananiletea vipande viwili vilivyokaribiana kwa saa 1 na nusu, wanafurahi kwamba safari ni fupi. Mimi nakataa kabisa kuwauzia hivyo.

Mama_Njanja

Papa, la mwisho. Nimeamua Addis, tiketi moja, kungoja saa 5 na nusu. Valizi zangu nazichukua Addis ao zinapita zenyewe? Na bidhaa nikinunua nyingi, nirudi nazo kwa ndeke?

MwanaKatuba

Zinapita zenyewe Mama, lakini hakikisha pale Luano. Wakifunga ile karatasi ndefu kwenye mkono wa valizi, isome kabla haijaondoka mbele yako. Iwe na herufi CAN, ndiyo Guangzhou. Ukiona imeishia ADD, inashuka Addis. Mwambie kijana wa mezani aibadilishe hapo hapo, usiondoke kwa kuona haya. Kipande kidogo cha karatasi hiyo watakubandikia kwenye pasi au kwenye tiketi, kitunze mpaka uione valizi yako. Kurudi herufi ziwe FBM, ndiyo sisi. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano iweke pamoja na pasi, usiitie ndani ya valizi, wataiuliza.

Bidhaa nyingi zitie kwenye kontena. Meli zinakuja mpaka Dar es Salaam, halafu lori linapita Tunduma na Zambia mpaka Kasumbalesa, kama kilomita 2,000 za barabara. Hizo ni wiki nyingi, kwa hiyo ukitaka mzigo wa Desemba usiununue Novemba. Kwa ndeke rudi na sampuli na vile vitu vidogo vya bei kubwa.

Nitumie picha ya tiketi ukishaipata, nikuangalizie tarehe.